Muulize aliyelima

Jamani, kununua mazao kwa mwenye shamba ni raha nyingine! Leo sokoni nimemuuliza mama mmoja kama amepiga dawa. Akanijibu palepale: alipiga ipi, lini, na alisubiri siku ngapi ndipo akavuna. Dukani ningemuuliza nani? (Wapo wachuuzi wanaojifanya wakulima, lakini swali la pili tu linawaumbua.) Na kwa kuwa hakuna dalali katikati, ukitoa ushuru na nauli, pesa inabaki kwake. Mazao nayo huvunwa yakiwa yameiva, maana hayana safari ndefu. Tusidanganyane, si kila kitu ni bei nafuu, na ukichelewa unakuta makapi. Ila pale kwenye foleni ndipo nilipofahamiana na jirani ambaye tumekuwa tukipungiana mikono tu.