Jalada Langu Lilijaa Vyeti, Halikuwa na Somo Hata Moja

Mwishoni mwa mwaka 2022 niliitwa kwenye usaili wa kazi katika shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja, nikaenda nimebeba boksi faili jeusi, zito kama tofali. Ndani yake nilikuwa nimepanga, kwa mfuatano wa miaka, vyeti vya UCE (mtihani wa kidato cha nne) na UACE (wa kidato cha sita), shahada, barua za mapendekezo, vyeti vya semina na warsha, pamoja na picha niliyopigwa nikipeana mkono na mgeni rasmi ambaye hata leo simkumbuki alikuwa nani. Kila karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki. Katika jopo alikuwamo mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, ambaye alifunua kurasa zote bila haraka, akavua miwani, akaniambia: "Mwalimu, hapa nimekuona ukisoma, nimekuona ukihudhuria semina, nimekuona hata ukipigwa picha. Sijakuona ukifundisha." Sikuwa na jibu. Kazi pia sikuipata, na kwa kweli hata mimi nisingejiajiri.

Ninafundisha Kiswahili hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kutengeneza jalada ambalo lingemjibu yule mama. Wengine huliita potifolio, wengine mkoba wa kazi. Mimi nimezoea kusema jalada, ingawa nakiri kwamba neno hilo humpeleka mtu moja kwa moja kwenye kabati la chuma katika ofisi ya wilaya. Ninachokusudia ni mkusanyiko wa ushahidi wa kazi yangu darasani, ulioambatana na maelezo yangu mwenyewe kuhusu nilichokuwa nakusudia, kilichotokea, na nilichobadilisha baadaye.

Jambo lililonitia aibu ni kwamba wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kunitangulia. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, ambao pia ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika S1 na S2 (kidato cha kwanza na cha pili), haumpimi mtoto kwa mtihani wa mwisho peke yake: 20% ya alama zake za UCE hutokana na kazi anazofanya shuleni, na 80% ndiyo hutoka kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya UCE mwaka 2024. Kwa hiyo tunamdai mtoto wa miaka 14 atunze insha zake, mahojiano aliyofanya sokoni na bango alilochora na kundi lake, tena aeleze alijifunza nini, ilhali sisi tunaomsahihisha tukiulizwa ushahidi wa kazi yetu tunatoa azimio la kazi na andalio la somo, nyaraka mbili ambazo huandikwa kabla ya somo na hazisemi lolote kuhusu kilichotokea baada ya kengele kulia.

Nilianza na kifaa nilichokuwa nacho, yaani simu. Jumanne moja ya mwaka 2023 niliisimamisha dirishani ndani ya kikombe cha plastiki ili isianguke, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikawafundisha S1 somo la dakika 40 kuhusu ngeli ya KI-VI. Nilikuwa na hakika kwamba somo lilikwenda vizuri. Usiku, baada ya kula, nikavaa visikizi, nikaweka saa na daftari mezani, nikawa naandika muda wa kila aliyezungumza. Mimi nilizungumza dakika 31. Wanafunzi 63 waligawana dakika 4 na sekunde chache, na muda uliobaki ulikuwa wa kunakili ubaoni, kuburuta madawati na upepo kupuliza ndani ya kile kikombe. Hata hivyo, hesabu hiyo siyo iliyoniuma zaidi. Kilichoniuma ni kujisikia nikiuliza "Tumeelewana?" mara 17, na darasa zima likiitikia "Ndiyooo" kwa wimbo uleule, hata mahali ambapo ulimi wangu uliteleza nikasema "viti hiki". Waliitikia kosa langu kwa furaha ileile waliyoitikia usahihi wangu.

Ni lazima nieleze kwa nini ngeli hiyo ni mlima katika darasa langu. Wengi wa wanafunzi wangu huzungumza Kilugbara nyumbani, lugha ambayo haina ngeli za majina kama zilivyo katika lugha za Kibantu. Mtoto aliyelelewa kwa Kiganda huja na omuntu na abantu, ekitabo na ebitabo, vimekwisha kukaa kichwani, na kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba mlango ni uleule ila kitasa ni kingine. Mtoto wa Kilugbara hana mlango huo. Isitoshe, Kiswahili alichokiokota sokoni na kwenye stendi ya magari kinasema "kitabu yangu" na "kiti yangu", kinaeleweka, na mtu hununua na kuuza kwacho siku nzima bila kukosa chenji yake. Sidhani kwamba kazi yangu ni kukidharau Kiswahili hicho. Ila mtoto wa namna hii hafaidiki na dakika 31 za maelezo. Anahitaji kinywa chake mwenyewe kijikwae, kirudi, kijaribu tena.

Wiki iliyofuata nikawaweka wawili wawili, kila mmoja atoe kitu mfukoni au mkobani na kumweleza mwenzake habari zake, na simu nikaiacha juu ya dawati la nyuma kabisa, mahali ambapo huwa sifiki. Kipande ninachokithamini kuliko vyote katika jalada langu kilitoka hapo, na urefu wake ni sekunde 9. Msichana anasema, "Kitabu yangu imepotea." Kimya kidogo. Mwenzake ananong'ona, "changu." Yule wa kwanza anarudia, "Kitabu changu... imepotea." Mwenzake tena, sasa kwa sauti ya mtu aliyechoshwa: "Kimepotea!" Wakati huo mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba nikirekebisha ubao, na bila simu ile nisingejua kamwe kwamba upatanisho wa kisarufi ulifundishwa siku hiyo na mtoto wa safu ya nyuma ambaye katika somo langu la kwanza hakufungua mdomo.

Chini ya kipande hicho niliandika aya moja tu: nilichotarajia, nilichosikia, na nitakachofanya Jumanne ijayo. Aya hiyo ndiyo jalada. Sauti bila aya ni kelele za darasa, na aya bila sauti ni majigambo.

Sauti ya mtoto, hata hivyo, si mali ya mwalimu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na nakiri kwamba rekodi yangu ya kwanza niliifanya bila kufikiria jambo hilo. Baada ya kuzungumza na mwalimu mkuu, niliandika barua fupi kwa wazazi, kwa Kiswahili na Kilugbara, nikieleza kwamba sitatunza majina wala nyuso, na kwamba rekodi haitawekwa mahali pa wazi. Wengi walitia saini. Mama mmoja alikuja mwenyewe shuleni, akakataa kwa upole: "Mwalimu, nakuamini, lakini sauti ya mtoto wangu ibaki darasani." Nikamwambia, "Sawa mama, nimekusikia," na tangu hapo simu haikai karibu na dawati la mtoto huyo. Kipande cha sekunde 9 nilikihifadhi kwa idhini za wazazi wa watoto wote wawili, na kwenye maelezo watoto hao wanaitwa Mwanafunzi A na Mwanafunzi B.

Suala la mahali pa kuhifadhi lilinigharimu. Kwa miezi 6 kila kitu kilikuwa ndani ya simu moja, hadi asubuhi moja nikiwa kwenye boda, mvua ikinyesha, simu ikaruka kutoka mfukoni na kuangukia dimbwini. Fundi alifanikiwa kuokoa picha chache. Rekodi zote zilipotea isipokuwa zile nilizokuwa nimemtumia mwenzangu kwa WhatsApp, na miongoni mwazo, kwa bahati, kilikuwamo kile kipande cha sekunde 9. Tangu siku hiyo ninatunza nakala 2: moja kwenye memori kadi inayokaa nyumbani ndani ya kopo la majani ya chai, na nyingine kwenye Google Drive, ambayo hutoa gigabaiti 15 bila malipo. Gigabaiti hizo hazijai upesi, kwa sababu ninarekodi sauti kwa ubora wa chini na kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuzipandisha, tena usiku wakati bando ni rahisi. Msomaji wa nchi nyingine huenda akaniona bahili. Sisi tumepitia kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018, kisha mahali pake pakaja kodi ya 12% juu ya data yenyewe kuanzia Julai 2021, na Facebook, ambako walimu wengi walikuwa na makundi yao, ilizimwa nchini Januari 2021. Ndiyo maana makundi yetu yako WhatsApp, ambayo inafaa sana kuulizana jambo lakini haifai kabisa kuwa kabati: nyaraka zako huzikwa chini ya salamu za asubuhi kabla ya saa sita.

Nimejaribu pia Mahara, programu huria iliyobuniwa New Zealand mahsusi kwa majalada ya namna hii. Ni nzuri, na jina lake ni neno la Kimaori linalohusu fikra na kumbukumbu, lakini inahitaji seva na mtu wa kuitunza, na shuleni kwetu mtu huyo angekuwa mimi. Mwalimu mmoja peke yake anatosheka na folda zilizopewa majina kwa tarehe.

Kuhusu vifaa vikubwa zaidi nina maoni ambayo hayajawafurahisha wenzangu wote. Tulipopata projekta nilifurahi kama mtu yeyote, nikaandaa slaidi zenye rangi, nikafundisha, nikarekodi, nikahesabu kama kawaida. Siku hiyo nilizungumza dakika 34. Slaidi zilinivuta mbele ya darasa, zikanifunga hapo, na kila picha mpya ilinidai maelezo mapya. Rekodi hiyo imo ndani ya jalada, na aya yake ni ndefu kuliko zote. Siilaumu projekta, lakini siiwashi tena kabla sijajua wanafunzi watasema nini juu ya kile watakachokiona.

Kolibri ilinitendea vizuri zaidi, baada ya kunifedhehesha kwanza. Hii ni programu ya shirika la Learning Equality iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: masomo hupakiwa mara moja kwenye kompyuta moja, nayo huzigawia kompyuta nyingine za chumba hichohicho. Siku ya kwanza, kati ya kompyuta 21 za maabara zilikubali kuwaka 8, na watoto walitumia nusu ya somo wakigombania kipanya. Niliandika hayo kama yalivyo. Mara ya pili nilitumia kompyuta moja tu na hadithi fupi za African Storybook, ambazo zina leseni huria na zinapatikana katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kilugbara zikiwemo. Kundi moja lilisoma hadithi kwa Kilugbara na kuwasimulia wenzao kwa Kiswahili, kundi la pili likasikiliza na kuhesabu makosa ya ngeli, kisha wakabadilishana. Nilizungumza dakika 11. Kompyuta yenyewe ilitumika robo ya muda, ikiwa kama kitabu ambacho hatuna fedha za kukinunua.

Ukurasa wa zamani kuliko zote niliuandika baadaye, kwa kurudi nyuma. Shule zilipofungwa tarehe 20 Machi 2020, na nyingi zisifunguliwe kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, nilikuwa nikituma mazoezi ya kusikiliza kwa simu za wazazi. Kati ya familia 58, zilizowahi kujibu ni 14. Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba "niliendelea kufundisha wakati wa karantini", na kimoja cha vyeti vya boksi langu jeusi kilinipongeza kwa hilo. Sasa cheti na ile idadi ya 14 viko pamoja kwenye ukurasa mmoja.

Muhula uliopita tulipokea vijana 3 waliokuja kwa mazoezi ya ualimu, na mwalimu mkuu akaniomba niwaonyeshe jinsi ya kutengeneza jalada. Niliwaketisha katika ofisi ya walimu baada ya chakula cha mchana, nikawawekea rekodi ile ya kwanza bila kuwaambia chochote. Ilipofika "Tumeelewana?" ya tano, mmoja wao alitoa kalamu na kuanza kuweka vijistari pembeni mwa daftari lake. Wakasikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha yule wa vijistari akauliza: "Mwalimu, samahani, hii ni ya mwaka 2023. Hatuwezi kusikia ya wiki hii?"

Nilikuwa nayo, na nilikuwa bado sijaihesabu. Nikawapa saa, nikawawekea.