Zilizowahi Kujisajili

Juma lililopita daktari wa macho aliniandikia miwani ya kusomea, na siku mbili baadaye mpwa wangu akanitumia wasilisho lake la kuombea mtaji kwa wawekezaji, akitaka nilipitie kabla ya Jumatatu. Nililifungua kwenye kompyuta bila kuvaa miwani, kwa ukaidi tu, na nilipofika slaidi ya saba nikajikuta nimeinama hadi pua inakaribia kugusa skrini, nikihangaika na mstari mmoja wa maandishi ya kijivu uliokuwa chini ya grafu. Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee yule. Sura yake imekwisha kunitoka, lakini namna alivyoinama naiona hadi leo.

Ilikuwa mwaka 2016, enzi za ile programu ya kuwakumbusha wagonjwa miadi ya kliniki, ambayo wengi wenu mmeshachoka kuisikia. Mimi na mwenzangu, yule wa hesabu, kwa kuwa wa maneno siku zote nilikuwa mimi, tulikaa wiki tatu tukitengeneza wasilisho la slaidi 20, na sehemu kubwa ya wiki hizo ilimezwa na rangi, vivuli vya herufi na ubishi juu ya mahali pa kuweka nembo. Slaidi nyingi nazipita, kwa sababu kila aliyewahi kuomba mtaji anazijua: ya tatizo, ya suluhisho, ya timu yenye picha zetu tumekunja mikono kifuani, na ile ya soko, ambayo tulichukua idadi ya kliniki zote tulizoweza kuzihesabu, tukaizidisha kwa ada yetu ya mwaka, kisha tukaandika kwa unyenyekevu kwamba sisi tulihitaji asilimia moja tu. Asilimia moja hiyo hatukuipata kwa hesabu yoyote. Tuliiandika kwa sababu ilionekana ndogo.

Slaidi iliyonikosesha usingizi ilikuwa ya tisa, ya ukuaji. Mwezi wa kwanza zilijisajili kliniki 14, wa pili 13, kisha 11, 9, 7, 4 na 3. Mwenzangu alipozichora kama zilivyo, nguzo zilishuka kutoka kushoto kwenda kulia kama ngazi za kuteremkia kisimani. Nikamwambia azijumlishe, kila mwezi ubebe iliyoutangulia, na mara tukawa na 14, 27, 38, 47, 54, 58, 61. Mstari wa namna hiyo hauwezi kushuka hata biashara ikifa, maana jumla ya yaliyokwisha kutokea haipungui, na kila mwekezaji mzoefu anaujua mchezo huo. Sisi tulidhani tumeuvumbua. Ilibaki kasoro moja, kwamba kuelekea mwisho mstari ulianza kulala. Juu ya ule mlalo nikaweka mshale mnene wa kijani ulioelekea juu. Na ili tusije tukaitwa waongo, nikaandika chini kabisa, kwa herufi za pointi 11, rangi ya kijivu hafifu juu ya weupe: "Jumla ya kliniki zilizowahi kujisajili."

Siwezi kusema kwamba sikuwa na wa kunishauri. Guy Kawasaki, aliyefanya kazi Apple kabla ya kuingia katika uwekezaji, alikuwa ameandika tangu 2005 kanuni yake ya 10, 20 na 30, yaani slaidi 10, dakika 20 na herufi zisizopungua pointi 30. Na kwa anayeona kanuni hiyo ni kali mno, alipendekeza atafute umri wa mtu mzee kuliko wote chumbani kisha augawe kwa mbili apate ukubwa wa herufi. Niliisoma nikacheka. Nilikuwa pia nimesoma utafiti wa 2015 wa DocSend, huduma ya kutuma nyaraka mtandaoni na kufuatilia zinavyosomwa, uliopima muda ambao wawekezaji hutumia kwenye mawasilisho wanayotumiwa na kupata wastani wa dakika 3 na sekunde 44. Mwenye busara angeisoma takwimu hiyo akapunguza maneno. Mimi niliisoma nikapata nafuu, kwa kuwa ndani ya dakika 3 na sekunde 44 nani angefika kwenye pointi 11? Nadhani ndivyo nilivyowaza. Inawezekana pia kwamba miaka imeniongezea hatia nisiyokuwa nayo, na kwamba siku ile nilipunguza herufi zile kwa sababu tu zilipendeza zikiwa ndogo.

Tulipewa dakika 20 mbele ya watu watano. Faili lilifunguliwa kwenye kompyuta yao, fonti tuliyoichagua kwa siku nne haikuwamo, ikawekwa nyingine pana zaidi, na vichwa vya slaidi vikakatika katikati ya maneno. Tangu siku hiyo sijawahi kupeleka kitu mahali bila kukigeuza kwanza kuwa PDF. Mapazia yalikuwa wazi. Rangi zetu zote, zilizong'aa kwenye skrini yangu usiku, zilipauka chini ya projekta kama nguo iliyosahauliwa juani, na slaidi ya tisa ilipotokea, mstari wa kijivu ulikuwa umefifia kiasi kwamba aliyeketi mbali angeweza kuudhania doa la ukutani. Niliona hilo, na sitaficha kwamba niliona bila kusikitika.

Mzee alikuwa ameketi kiti cha mwisho, hajasema neno tangu tuingie, daftari lake limefungwa na kalamu juu yake. Nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu kasi ya ukuaji aliposimama.

"Samahani, kijana wangu. Wewe endelea."

Lakini nani angeweza kuendelea? Alikuja taratibu akipita nyuma ya viti, akaingia kwenye mwanga wa projekta, na grafu yetu ikapanda mgongoni mwake. Mshale wa kijani ulikaa begani, ncha yake ikielekea sikioni. Alipofika ukutani alikuta kivuli chake kimeyafunika maneno aliyoyafuata, akasogea pembeni hatua moja, akasukuma miwani juu ya paji la uso, akainama mkono mmoja ukiwa gotini, akaweka kidole chini ya mstari bila kugusa ukuta. Kidole kikaanza kutembea kama cha mtoto anayefunzwa kusoma.

"Jumla ya kliniki," alisoma kwa sauti, akatua kidogo, kidole nacho kikatua. "Zilizowahi kujisajili."

Alinyooka. Miwani ilibaki kwenye paji la uso, hivyo sijui alikuwa ananiona vizuri au la.

"Zilizowahi," alirudia, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. "Sawa. Na zilizobaki ni ngapi?"

Feni ya projekta ilikuwa inavuma, na sikuwa nimeisikia kabla ya hapo. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kitufe cha rimoti, na naapa kwamba kwa muda mfupi sana nilifikiria kubonyeza tu, slaidi ya kumi ije, kana kwamba swali lingeondoka pamoja na grafu. Nilikuwa na majibu matatu. La kwanza lilikuwa asilimia, kwa sababu asilimia humchosha muulizaji. La pili lilikuwa kwamba tungemtumia takwimu kamili kwa barua pepe. La tatu lilikuwa idadi yenyewe. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka kwa lile la pili.

"Ishirini na mbili, mzee," alisema mwenzangu nyuma yangu.

Hatukuwa tumekubaliana hivyo. Kliniki 22 zilikuwa kwenye jedwali lake la hesabu na hazikuwa popote katika slaidi 20. Nilitazama ukutani nisimtazame yeye. Mzee alikuwa amesogea, grafu imerudi mahali pake, na mshale wa kijani sasa ulionekana na kila mtu mle chumbani kwa jinsi ulivyokuwa, kiraka.

Nilingoja karipio ambalo halikuja. Mzee alirudi kwenye kiti chake, akafungua daftari, akauliza hizo ishirini na mbili zimebaki kwa nini. Na kwa dakika zote zilizosalia, mwenzangu ambaye kwa makubaliano yetu hakutakiwa kuzungumza aliwaeleza kwamba tofauti ilikuwa mtu wa mapokezi. Pale ambapo daktari mwenye kliniki alijisajili mwenyewe bila kumshirikisha anayepokea wagonjwa, programu ilikufa ndani ya wiki chache. Pale ambapo mtu wa mapokezi ndiye aliyeingiza majina kwa mkono wake siku ya kwanza, ilifunguliwa kila asubuhi kabla hata mlango wa kliniki haujafunguliwa. Alieleza kwamba hakuna kliniki hata moja iliyovuka mwezi wa tatu kisha ikaondoka. Yote haya tulikuwa tunayajua. Tulikuwa tumeyazungumza mara nyingi usiku, tukiwa tumechoka, kama watu wanaozungumzia hali ya hewa, kisha tukarudi kubishania rangi ya mshale. Nilisimama na rimoti yangu, slaidi 11 hazijaonyeshwa, nikawatazama watu watano wakiandika kwa mara ya kwanza.

Walitukatalia siku tatu baadaye, kwa barua pepe ya sentensi mbili. Mwenzangu, kwa kunifariji, alinitumia zile barua za kukataliwa ambazo Brian Chesky, mmoja wa waanzilishi wa Airbnb, ile kampuni ya kupangisha nyumba kwa wasafiri, alizitoa hadharani mwaka 2015: katika mwaka 2008 walitafuta dola 150,000 kwa kampuni waliyoithamini dola milioni 1.5, wakapelekwa kwa wawekezaji saba, watano wakakataa na wawili hawakujibu kabisa. Sikufarijika. Barua za namna hiyo tunazisoma kwa sababu kampuni ilipona. Za waliokataliwa wakafilisika hakuna anayezichapisha.

Wasilisho tulilifumua lote. Slaidi zilibaki 11, ya soko ikajengwa upya kutoka chini, kliniki moja moja kwa ada ambayo kweli zilikuwa zinalipa, na ikatoa soko dogo kuliko la mwanzo kwa kiasi cha kutia aibu. Slaidi ya ukuaji haikuwa na grafu tena. Iliandikwa kwa herufi kubwa mno: "Kliniki 22 zinalipa kila mwezi," na chini yake, kwa ukubwa ambao hata mtu wa kiti cha mwisho angeusoma: "Zilijisajili 61. Ziliondoka 39. Tunajua kwa nini." Niliipenda slaidi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Miezi mitano baadaye tulipata mtaji, na ningependa kuwaambia kwamba ni slaidi hiyo iliyoleta fedha, ila mwekezaji aliyetoa fungu kubwa zaidi alilifungua wasilisho kwenye simu, akalifunga kabla halijafika katikati, akaomba namba ya mtu mmoja wa mapokezi ili azungumze naye.

Mwenzangu anaamini hadi leo kwamba mzee aliujua mchezo tangu akiwa kitini, kwamba mshale ule ulimtosha, na kwamba safari yake ya kwenda ukutani ilikuwa ni ustaarabu, yaani kutupa nafasi ya kusema wenyewe kabla hajauliza. Mimi naamini macho yake tu hayakufika hadi kwenye maneno yale. Nilimkadiria miaka 70, na kwa kanuni ile niliyoicheka alihitaji pointi 35. Ugumu wa imani yangu ni huu: kama ningempa hizo pointi 35, huenda angesoma akiwa ameketi, akatikisa kichwa, akaniacha niende slaidi ya kumi, na mwenzangu asingefungua mdomo. Lakini pia sijui kama mkono wangu ungekubali kuliandika neno "zilizowahi" kwa pointi 35. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi na kila mara linatua upande tofauti.

Basi nikavaa miwani mpya na kurudi kwenye slaidi ya saba ya mpwa wangu. Nguzo zake zilipanda na kushuka, mwezi mmoja ukiwa mbaya kabisa, na hapakuwa na mshale wowote. Maandishi ya kijivu yalisema: "Wateja wanaolipa, kwa kila mwezi." Kijana alikuwa ameonyesha idadi ya kweli, kisha akaificha sentensi pekee ambayo ingemfahamisha mtazamaji kwamba ni ya kweli. Nikamwandikia kumuuliza kwa nini ameyafanya maneno yale madogo hivyo, nikakaa nikingoja, hadithi nzima ya mzee ikiwa tayari kwenye vidole.

"Ni kiolezo ndicho kilichoyaweka hivyo, mjomba," alijibu baada ya dakika moja. "Hata sikuyaangalia."

Nina miaka 52. Nikamjibu aweke pointi 26, na hesabu yake sikumweleza.