Kuongeza mwili bila kuongeza sukari

Kila anayeniona siku hizi ana dawa yake ya kuninenepesha. Mmoja ananiambia ninywe soda, mwingine juisi, wa tatu ananisukumia keki, "umeshaumwa vya kutosha, jipe raha." Nawaelewa. Waliniona nilivyokonda kama ng'onda wakati wa kemo, yaani tiba ya dawa za saratani, na nadhani wanaulilia mwili wangu wa zamani kuliko ninavyoulilia mimi. Kisha wapo wa upande wa pili, wanaonivuta pembeni kuninong'oneza kwamba sukari ndiyo chakula cha saratani, nisiiguse hata kwa ncha ya ulimi. Kikombe cha chai tu kinageuka kesi.

Mimi sukari nimepunguziwa kwa sababu isiyo na mbwembwe: steroidi, dawa za kutuliza kichefuchefu na mzio nilizopewa pamoja na kemo, zilipandisha sukari ya damu, na tiba ilipokwisha haikurudi chini kabisa. Basi. Hayo ya sukari kulisha saratani yana chanzo chake. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona seli za saratani zikitumia glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, kwa pupa, na kipimo cha picha kiitwacho PET hutumia tabia hiyohiyo kuzisaka mwilini. Lakini ubongo nao unataka glukosi, moyo na misuli vivyo hivyo, na ukikata wanga wote, ini litajitengenezea glukosi kutokana na protini. Protini itoke wapi kama huli ya kutosha? Kwenye misuli, hiyohiyo ninayoitafuta kwa tochi. Nilipoelezwa hivyo na mtaalamu wa lishe, niliacha kuliogopa tunda. Juisi bado naiacha, maana inapandisha sukari haraka.

Shida yangu kubwa ni kwamba nashiba upesi mno. Vijiko vichache, tumbo linasema tosha. Kwa hiyo kila tonge lazima libebe mzigo, na hapo mafuta hayana mpinzani: gramu moja ina kalori 9, wakati sukari na protini zina 4 tu. Kijiko kikubwa cha mafuta ya zeituni juu ya mboga ni kama kalori 120, na tumbo halijui kama kuna kilichoongezeka. Parachichi naliponda ndani ya mayai. Siagi ya karanga nachagua ile isiyotiwa sukari, na mtindi nachukua wa maziwa yasiyoondolewa mafuta. Ule unaosifiwa kuwa na mafuta kidogo, geuza kopo usome nyuma: mara nyingi wamepunguza mafuta wakajaza sukari. Maji nayo siyanywi tena katikati ya mlo, yanakalia nafasi ya chakula.

Protini ndiyo inayonitoa jasho. Nimeambiwa nilenge gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa kuwa figo zangu ni nzima. Mtu wa kilo 50 hapo anahitaji gramu 50 hadi 75, na yai moja lina kama 6. Ukiigeuza hesabu hiyo kuwa mayai matupu unachoka kabla hujala, ndiyo maana naigawa kidogokidogo kutwa nzima: samaki, maharage, maziwa, kuku. Nyama nyekundu ilinikataa muda mrefu, ina ladha ya chuma mdomoni. Kijiko cha plastiki kilisaidia, ndimu ikasaidia zaidi, na kuku aliyepoa harufu yake hainikimbizi kama wa moto.

Mizani siiamini sana. Kuna wakati uzito ulipanda ghafla, nyumba nzima ikafurahi, mimi nikiwa navua soksi nikaona alama ya lastiki imezama kwenye kifundo. Nikabonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Yalikuwa maji. Niliwapigia simu kliniki badala ya kupokea pongezi, na maji yaliposhushwa uzito "mpya" ukaondoka nao wote. Tangu siku hiyo, uzito ukiruka kwa haraka natazama miguu kwanza.

Kipimo ninachokipenda ni kiti. Nakaa, nakunja mikono kifuani, nasimama bila kujishika popote. Mwanzoni sikuweza, mapaja yalitetemeka, nikarudi chini kwa kishindo. Chakula peke yake hakijengi misuli, misuli inataka kufanyishwa kazi, kwa hiyo kiti kimekuwa mazoezi na mtihani kwa pamoja, na kando yake nina mipira ya kuvuta kwa mikono. Siku nisizo na nguvu naacha. Siku zenye nguvu nazidisha kidogo, kisha nakula yai nikiwa bado nahema. Suruali bado inahitaji mkanda, ila ngazi sizipandi tena kwa kuvuta reli.

Wiki ijayo nina kliniki. Nitaomba wanipime nguvu za kiganja pamoja na uzito, nimuulize daktari kama sukari ya asubuhi ilivyo sasa inaruhusu kipande cha mkate zaidi kabla ya mazoezi. Na yule wa keki nimemwambia alete karanga.