Flashi ya Sh12,000: nilivyoijaribu programu ya kuona karata za wengine

Mpwa wangu alinijia dukani Luthuli Avenue jioni nikikaribia kufunga, akaweka flashi juu ya meza. "Mjomba, nisaidie kuweka hii. Antivirusi inaikataa kila nikijaribu."

Nikamuuliza ni kitu gani. Akasita, kisha akanieleza. Alikuwa akicheza poka mtandaoni kwa miezi kadhaa, na kwenye Telegram amepata mtu anayeuza programu ya kuona karata za wachezaji wengine. Bei Sh12,000. Ameshatuma Sh4,000 kwa M-Pesa, zilizobaki atalipa ikianza kufanya kazi. Flashi ililetwa na mtu wa boda.

Sikumgombeza. Mimi ni fundi wa kompyuta, na muuzaji yeyote anayekuagiza uzime antivirusi kwanza ninajua anataka nini. Lakini kijana alikuwa ameonyeshwa video, karata za meza nzima ziko wazi, na alikuwa na hoja ambayo sikuweza kuipuuza: "Si imewahi kutokea, Mjomba? Nimesoma." Kweli, imewahi kutokea. Ningemwambia haiwezekani kabisa, angenishika uongo na asingenisikiliza tena. Tukapanda matatu ya Umoja, na njia nzima nikawa namweleza ninayoyajua.

Kisa cha kwanza ni cha mwaka 1999. Kampuni moja ya Marekani, Reliable Software Technologies, iliichunguza programu ya kuchanga karata za poka ya mtandaoni iliyotengenezwa na ASF Software. Karata 52 zinaweza kupangika kwa njia nyingi mno, idadi yake ni tarakimu 68. Ila programu ile ilianzia hesabu yake kwenye saa ya kompyuta, yaani milisekunde tangu usiku wa manane, na siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu. Wachunguzi walipoilinganisha saa yao na ya seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni ya mchezo, mipangilio iliyobaki ya kujaribu ilikuwa kama 200,000. Wakishaona karata zao mbili na tatu za kwanza zinazowekwa wazi mezani, kompyuta yao iliwapa zote zilizosalia. Mpwa wangu alinyamaza mpaka tukapita Donholm. Waliofanya hivyo walitangaza kosa lenyewe ili lirekebishwe.

Kisha tovuti ya poka ya Absolute Poker, 2007. Mchezaji mmoja aliyeshindwa kwenye mashindano aliomba kumbukumbu za mchezo, akatumiwa faili lenye karata za kila mtu. Wenzake walipolichambua, waliona mshindi, aliyejiita POTRIPPER, alikuwa akicheza kama mtu anayeona kila kitu. Na alikuwa anaona. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya tovuti nyingine, UltimateBet. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Kahnawake, Kanada, iliyotoa leseni, ilimtaja Russ Hamilton, aliyekuwa bingwa wa dunia wa poka mwaka 1994, na waliodhulumiwa wakarudishiwa zaidi ya dola milioni 22. Hapo nilimsimamisha mpwa wangu kabisa. "Hao hawakuvunja mlango," nikamwambia. "Walikuwa na ufunguo. Wizi ulitoka ndani."

Maana karata huchangwa kwenye seva. Kompyuta yako huletewa mbili zako tu, na za mwenzako hazikufikii hadi zifunuliwe. Programu iliyoketi kwenye mashine yako itasoma vipi kitu ambacho hakijafika? Hata yule wa tovuti ya GGPoker aliyejiita Moneytaker69, Desemba 2023, aliyeibadilisha programu ya mchezo kwenye kompyuta yake, kampuni ilieleza kwamba alichopata ni kukadiria nafasi yake ya kushinda, si kuziona karata. Akanyang'anywa dola 29,795.

Alinielewa, lakini video ilikuwa bado imemkaa kichwani. Nikaona dawa ni kujaribu mbele ya macho yake.

Jumamosi nilichukua laptopu kuukuu iliyokuwa dukani, nikaifuta yote na kuweka mfumo upya. Haikuwa na barua pepe wala picha, wala neno la siri la mtu. Sikuiunganisha na waifai ya nyumbani, niliipa bando ya simu ya akiba. Tukafungua mchezo upande wa chipsi za bure, usio na pesa, yeye sebuleni na laptopu ile, mimi chumbani na yangu, meza moja. Programu ikawashwa, na kweli, ikamchorea karata zangu vizuri sana. Yeye anazitaja kwa sauti, mimi namjibu zangu halisi.

"Mfalme na saba!"

"Nina tatu na tisa."

Tulicheza mikono 20, yaani karata ziligawiwa mara 20. Hakupata hata mmoja. Kufikia wa 12 sauti yake ilikuwa imeshuka, nami roho iliniuma, kwa sababu zile Sh4,000 alizipata kwa kubeba mizigo Gikomba.

Kilichonitisha kikaja baadaye. Nilikuwa nimewasha Wireshark, programu ya kuonyesha data inayoingia na kutoka, kuangalia mtandao wa laptopu ile. Kila dirisha la poka lilipofunguka, data ilianza kutoka kwenda anwani isiyohusiana na mchezo. Dirisha likifungwa, inakoma. Nikapekua makabrasha ya muda, nikakuta picha za skrini yetu, moja baada ya nyingine, karata za mpwa wangu zikiwa wazi. Mwaka 2015 kampuni ya antivirusi ya ESET ilieleza virusi vya namna hiyohiyo, Odlanor, vilivyopiga picha skrini za wachezaji wa PokerStars na Full Tilt Poker ili mwizi aketi nao meza moja akijua walicho nacho. Nilimwita aje aangalie. Alisimama nyuma yangu muda mrefu. "Kwa hivyo anayeonwa ni mimi," akasema.

Tulipiga nambari ya muuzaji: mteja hapatikani. Tukatuma ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba urudishwe, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa. Usiku huo tulibadilisha maneno yake ya siri yote kupitia simu yangu, tukianza na barua pepe, kisha nikaipekua kompyuta yake mwenyewe. Antivirusi aliyoilaumu ndiyo iliyomwokoa. Hakuna kilichokuwa kimeingia.

Tukila ugali akaniuliza jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza. "Mjomba, leo ulikuwa unanitajia karata zako kutoka chumbani. Watu wawili wakifanya hivyo kwa simu, meza ya pesa?"

Nikamwambia ndiyo, huo ndio ulaghai ulio rahisi kuliko wote, hauhitaji udukuzi. Kampuni hujaribu kuwanasa kwa kuchunguza nani anaketi na nani kila mara na nani anamwachia nani ashinde, lakini zinakuja nyuma ya tukio. Alisukuma sahani, akachukua simu, akatoa Sh1,300 zilizosalia kwenye akaunti yake ya mchezo, kisha akaifunga. Sikuwa nimemwomba.

Laptopu nimeifuta tena. Flashi bado iko kwenye droo yangu dukani, nimeizungushia selotepu nyekundu mtu asije akaichomeka.