Kangaga langu la shibiri moja

Jumapili, Bububu. Mvua ya alfajiri imekatika, mshokishoki bado unadondoza, na mimi nimekaa kwenye kibao uwani nalitazama kangaga langu. Wiki ya saba leo tangu bibi aonje maji ya kisahani chake.

Ile kona baina ya ukuta wa jiko na mshokishoki ilinishinda miaka. Jua linafika kidogo asubuhi, kisha kivuli mpaka Magharibi. Mrehani ulirefuka ukalegea, asumini ikatoa majani matupu, waridi likaoza mzizi. Baada ya Idi, shoga yangu wa Wete akaniletea mche ndani ya kopo la maziwa, umefungwa kitambaa kibichi. Kangaga dogo, jamii ya Nephrolepis, ambalo hata likikua halipiti sana shibiri moja. Ndugu zake wakubwa sote tunawajua, yale makangaga yanayoning'inia kwenye mashina ya michikichi, majani yake marefu kuliko mkono wa mtu mzima. Hili ni jengine. Jani lake limesimama jembamba, na vijani vyake ni duara, vimepangana huku na huku kama vifungo.

Bibi alilizunguka mara moja. "Halina ua, halina harufu, haliliwi. Sasa mwanangu, unalipandia nini?"

Sikuwa na jawabu. Kwetu mmea wa uwani una kazi yake: mrehani na asumini za kikuba, mchaichai wa chai, mpilipili wa mchuzi. Hili nililipenda tu. Nilipenda kwamba kivuli kilichowashinda wenziwe lenyewe ndicho linachokitaka.

Nilijua linataka udongo mwepesi wenye mboji, unaoshika unyevu bila ya kutuamisha maji. Nikakumbuka usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Jamaa zetu wa Jambiani wakanipa gunia la chenga za makumbi, zile zinazobaki usumba ukishachambuliwa. Nikachanganya na mboji ya majani na mchanga kidogo, nikajaza chungu, nikapanda kwa furaha.

Hazikutimia wiki mbili, ncha zikaanza kukauka. Kwanza vijani vya juu, vikawa rangi ya kahawa, kisha jani zima likajikunyata. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Nikadhani ni jua, nikasogeza chungu ndani zaidi. Likazidi kuungua, na mimi nikawa silali vizuri kwa ajili ya mche wa kopo.

Bibi ndiye aliyechuchumaa pale siku moja, akachovya kidole kwenye kisahani cha chini ya chungu, akakilamba.

"Chumvi hii," akasema. "Makumbi ya pwani haya. Uliyaosha?"

Sikuyaosha. Bibi amekulia Jambiani na amepiga makumbi tangu msichana. Makumbi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani, pale maji yanapojaa na kupwa, yakakaa miezi mpaka nyama yake ioze, ndipo yanafukuliwa, yanapondwa, unatoka usumba wa kusokotea kamba. Miezi yote hiyo yanakunywa bahari. Kwa kamba hapana neno. Kwa mzizi ni balaa, maana chumvi ikizidi kwenye udongo mzizi hauwezi kunywa hata maji yakiwapo. Kangaga langu lilikuwa linakufa kwa kiu huku limelowa.

Tukaling'oa siku ile ile. Bibi akalishika shina kwa vidole viwili, mimi nikamimina maji ya mvua kwa kata, pole pole, mpaka mizizi ikabaki mitupu: myembamba, myeusi, kama nywele zilizotoka kuoshwa. Chenga tukazitia kwenye ndoo ya maji ya mvua, tukazikamua, tukamwaga. Kila tukimwaga bibi anaonja. Mara ya tatu akatikisa kichwa, bado. Mara ya nne akasema, "Haya, panda." Majani yaliyoungua nikayakata yote, yakabaki mawili.

Leo yako saba. Jani jipya halifunguki kama majani mengine. Linatoka limejiviringa kama mkeka, lina manyoya ya kahawia, na kila asubuhi linajikunjua kidogo, vile vifungo vinatokeza kimoja kimoja kuanzia chini. Juzi nikaona kitu kingine: uzi wa kijani umeruka ukingo wa chungu, umeshuka mpaka kwenye udongo wa ile kona iliyonishinda, na pale ulipogusa ardhi pameota kangaga dogo kuliko ukucha wangu. Halihitaji ua wala mbegu, linatuma uzi.

Nikamwita bibi. Akainama, akalitazama kwa muda mrefu, akalifutia tone la maji kwa ncha ya kidole.

"Hiki kitoto kikishika mizizi, nitilie kwenye kopo," akasema. "Nakitaka barazani kwangu, upande usio na jua. Na makumbi niachie mimi niyaoshe."

Kopo nimeshalipata. Nimelitoboa matundu matatu chini.