Kilima cha Ukungu na Fito za Babu

Jumapili usiku, Mysuru (zamani Mysore), kusini mwa India. Nyayo bado zina baridi ya mawe, na nataka kuandika kabla usingizi haujanichukua.

Leo nimefika Himavad Gopalaswamy Betta, kilima chenye hekalu la Wahindu juu yake. Mwaka wa pili huu nasoma huku, na mwenzangu wa darasani, mzaliwa wa Gundlupet, hakuchoka kunikumbusha kwamba sijakanyaga kilima cha kwao. Leo alfajiri alikuja mwenyewe kunigongea mlango. Tukapanda basi la kwanza. Baada ya Gundlupet mashamba ya alizeti yalikuwa yamechanua pande zote mbili, na mbele yake msitu wa Bandipur umekaa kama ukuta.

Chini ya kilima kuna lango la Idara ya Misitu. Gari lako unaliacha hapo, unapanda basi la serikali, na kwa miguu huruhusiwi. Chui milia na tembo ndio wenyeji. Kondakta, niliyemwita "anna" kama wanavyoitana hapa (yaani kaka), alituambia kuna tembo dume ambaye siku nyingine huja mpaka karibu na ngazi za hekalu. Leo hakuja. Nilimtafuta kwa macho njia nzima.

Kilima kina mita 1,454, na ukungu haukutuonyesha hata nusu yake. Betta ni kilima kwa Kikannada, na hilo Himavad ndilo lenye habari za baridi na ukungu. Basi lilipiga kona, dunia ikawa nyeupe. Likapiga nyingine, yakatokea majani mafupi ya kijani yaliyolala juu ya vilima, na vipande vya msitu mzito vimejificha mabondeni, mle maji yanamopita. Halafu weupe tena. Tuliposhuka sikuona hekalu, nilisikia kengele.

Ni dogo kuliko nilivyodhani. Wanasema lilijengwa mwaka wa 1315 hivi, zama za mfalme Ballala wa ukoo wa Hoysala, na baadaye watawala wa Mysore wa ukoo wa Wodeyar wakalitunza. Mlango una mnara wa daraja moja tu. Aliye ndani ni Krishna akipiga filimbi chini ya mti, na ng'ombe wamemzunguka; kwa sura hiyo anaitwa Venugopala. Mwenzangu alinihadithia kwamba maji baridi hudondoka kutoka juu ya mlango wa chumba chake. Mimi ni Mwislamu, sikuingia kuabudu. Nilivua viatu, nikakaa uani, nikaegemea ukuta. Yeye akaingia na shada lake la majani ya tulasi. Harufu yake jamani! Ni kivumbasha kabisa. Nilifumba macho nikawa nyuma ya jiko la bibi.

Mama mmoja mtu mzima alikaa karibu nami, tukazungumza kwa vidole na kwa maneno yangu machache ya Kikannada. Mwenzangu alipotoka akatutafsiria. Mama alikuwa akinieleza kisima kitakatifu cha hapo juu, Hamsa Tirtha: kunguru alioga humo akatoka bata maji mweupe, na tangu siku hiyo kunguru hawakai kilimani. Nikamwambia kunguru wa India waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea hadi Mombasa na Kwale, na mpaka leo hawatupi nafasi ya kuanika samaki. Alisikitika kweli. Akasema wangelipita kwanza kisimani.

Lakini kilichonirudisha nyumbani kilikuwa gogo. Nyuma ya hekalu uwanja unaishia, msitu unaanza, na hapo umeanguka mti mkubwa, umeota kuvu, hakuna aliyeutia shoka. Nikauliza: watu wengi hivi, wanapika chakula cha kugawa, na kuni zimelala hapa? Mwenzangu akasema ni sheria ya hifadhi. Akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba bibi yake hajui sheria hiyo na hajawahi kuokota hata kijiti, kwa sababu anasema hapa ndipo Gopala, yaani Krishna, anapochunga ng'ombe wake.

Kumbe hata hifadhi yenyewe ilianza na jina hilo. Kabla ya uhuru wa India, Maharaja wa Mysore alipotenga sehemu ya msitu huu kwa ajili ya wanyama, aliiita Venugopala. Mpango wa kitaifa wa kulinda chui milia ulikuja mwaka wa 1973. Sheria ilimkuta mchungaji yupo kilimani tayari.

Nimetoka chini ya kilima cha Mrima, Kwale. Juu yake kuna kaya yetu Wadigo, yaani msitu wetu mtakatifu, na chini ya kaya kuna niobi na madini mengine adimu, ndiyo maana kilima chetu kimeandikwa sana magazetini. Mwaka wa 2013 serikali ilifuta leseni ya uchimbaji. Makaya mengine ya Wamijikenda, siyo letu, yaliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka wa 2008. Mimi nilipokuwa na miaka 12 sikuyajua hayo yote. Nilijua nataka banda la kuku. Mimi na binamu zangu wawili tukapenya ukingoni mwa kaya tukakata fito.

Babu alitukuta tunazifunga. Hakupiga mtu. Alizihesabu mojamoja, zilikuwa 11, kisha akatuambia tuzibebe. Tulipanda naye mpaka pale tulipokata, akasimama juu ya kila kisiki hadi fito yake ilipolazwa kando yake. "Zilale kwao," alisema. Hata kuni kavu za kaya haziondoki kaya. Nililia kwa hasira siku ile. Fito zimeshakatwa, nilijiambia, kuna faida gani zioze? Hasira hiyo niliiweka miaka mingi, hata babu alipofariki nilikuwa nayo kidogo.

Leo nimesimama mbele ya gogo la watu wengine, wa dini nyingine, bahari katikati, na nimetamani kumwomba radhi. Nimesimama mpaka mwenzangu akanishika mkono, basi la kushuka linaondoka.

Niliporudi nimempigia mjomba. Nimemuuliza kama ule mti mkubwa wa mlangoni mwa kaya bado upo. Akasema upo, mvua imeanza, juu hakuonekani. Akataka kujua nimepatwa na nini hata naulizia miti usiku huu.