Posti zangu nyingi naziongea kwanza

Wengi mnaniuliza inboksi napataje muda wa kuandika marefu hivi wakati kazini natoka jioni. Jibu ni ile maiki ndogo kwenye kibodi ya simu. Naongea, simu inaandika, narekebisha baadaye. Nilianza kwa sababu ya kifundo cha mkono, maana kutwa nzima nachapa kwenye kompyuta, nikifika nyumbani vidole havitaki tena, lakini nimeendelea kwa sababu nyingine kabisa: nikiongea, Kiswahili kinakuja chenyewe. Nikichapa najikuta naandika barua ya ofisini, "napenda kukujulisha kuwa", ila nikiongea nasimulia, na msomaji anaisikia tofauti hiyo.

Watu wengi hujaribu mara moja wakakata tamaa, na mara nyingi tatizo ni lugha iliyowekwa kwenye simu. Kama kibodi iko Kiingereza basi na maiki nayo inasikiliza Kiingereza, unaongea Kiswahili chako safi inakuandikia vitu havieleweki, mara jina la Mzungu mara mji wa Marekani. Ingia mipangilio ya kibodi, tafuta sehemu ya kuandika kwa sauti, ongeza Kiswahili. Google waliweka Kiswahili tangu Agosti 2017, kuna cha Tanzania na cha Kenya, chagua chako. Miaka yote hiyo kitu kipo mfukoni na bado nakutana na watu wanaodhani ni cha Kiingereza tu, inaniuma kweli.

Na usiseme huwezi kuongea na simu, sisi hawahawa tunaotumiana voisi ndefu WhatsApp kuhadithia harusi ya juzi mwanzo mpaka mwisho. Mtu wa voisi kama zile posti anayo tayari mdomoni.

Ila kinachotoka sio maandishi kamili. Simu ni kama mwanafunzi kwenye imla, inaandika ilichosikia, maana ya maneno haiihusu. Juzi nilisema "tulipofika kwa bibi tukamkuta anachambua mchele", ikaniletea "tulipo fika kwa bibi tukamkuta ana chambua mchele", maneno yamekatwa vipandevipande. Kwenye simu yangu nukta na mkato naweka kwa mkono. Ng'ombe anaweza kutoka bila kile kikoma chake. Ukichanganya Kiingereza katikati ya sentensi, kama tunavyoongea mjini, hapo ndio inapotea njia kabisa, kwa hiyo nikiwa naongea na maiki nakaa kwenye Kiswahili tu, na hilo lenyewe limeninyoosha uandishi. Majina ya watu yakague moja moja.

Mimi naongea aya moja, nasimama, nasoma, narekebisha papo hapo wakati bado nakumbuka nilisema nini, maana ukiacha ukarudi kesho kuna sentensi hutajua ilikuwa inataka kusema nini. Kwenye daladala sijaribu, kelele za konda na redio zinaingia humohumo. Jikoni usiku watu wakilala panafaa sana. Angalizo kubwa: mara nyingi sauti yako inakwenda kupitia intaneti kwenye kompyuta za kampuni ndio inarudi ikiwa maandishi, kwa hiyo namba za siri, mambo ya hospitali na siri za watu chapa kwa mkono.

Ninaowafikiria zaidi ni wazee wetu, na wenye uoni hafifu, na wale ambao mikono yao haiwezi kibodi. Mama mkubwa ana hadithi za kijiji chetu hakuna mtu ameziandika, na kuchapa kwenye kioo kwake ni mateso. Nikimwekea maiki anaongea tu. Shida inayobaki ni lafudhi, yeye anaongea kwa namna ya kwao na simu inamkosea kuliko inavyonikosea mimi.

Hapo ndipo sisi wenyewe tunaweza kusaidia. Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, wana mradi unaitwa Common Voice, wa kukusanya sauti za watu ili kompyuta zijifunze kutuelewa tunavyoongea, Kiswahili kimo, na mwaka 2021 ulitangaziwa ufadhili wa dola milioni 3.4 kwa kukilenga Kiswahili. Unaingia, unasoma sentensi fupi kwa sauti yako, mwingine anasikiliza na kuikubali au kuikataa, na rekodi zote zinatolewa bure kwa yeyote anayetengeneza programu. Watu wa Pemba, Mombasa, Lubumbashi, Bujumbura, ingieni, na wewe mwenye mama mkubwa kama wangu, mkalishe na simu asome sentensi kadhaa.